Mwalimu wa Kiingereza cha Hatari

Mwalimu hakukaa katika chumba chochote kabla ya kugonga ukuta wake. Aliingia, akasimama mlangoni, akanyoosha fimbo yake ya mkaratusi na kugonga: ko, ko, ko. Kisha akatazama juu kwenye kenchi, akatazama sakafu, ndipo akavuta kiti, na kiti chenyewe lazima kiwe karibu na mlango. Alifanya hivyo darasani, alifanya hivyo kanisani, na siku aliyokuja kumjulia hali baba aliyekuwa na homa, aligonga sebule yetu mpya pande zote mpaka mama akaninong'oneza, "Huyu anatafuta nini, panya?"

Alikuwa anatafuta mwamba uliolegea. Nyumba zetu hapa Pito ni za tofali za kuchoma, hazina mwamba wa kumwangukia mtu. Lakini Mwalimu alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye migodi ya shaba kule Zambia, katika kikosi cha kuokoa watu, na mwili wake ulikuwa bado haujapewa taarifa kwamba umerudi Ufipa.

Sitaandika alizaliwa wapi wala ukoo wake. Sijui, na sikuwahi kuuliza, maana mimi si mtu wa kuuliza. Naandika ninayoyajua kwa sababu alikuwa jirani yetu tangu nikiwa shule ya msingi, akaja kuwa mwalimu wangu wa tuisheni nilipoingia sekondari, na kwa sababu kuna kitu nilikitaka kutoka kwake miaka yote hiyo. Nilitaka aninyanyulie mkono. Nitaeleza mkono gani.

Alifundishia kwenye duka la ushirika lililokufa. Wakati huo maduka ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa mjini Sumbawanga kila ukigeuka: jaketi za mitumba, redio za kaseti, mafuta ya kupaka ya kila harufu. Duka letu la ushirika likabaki na kaunta, rafu tupu na ubao wa bei. Mwalimu aliomba funguo kwa mwenyekiti wa kijiji, akaupaka ubao unga wa betri kuukuu uliochanganywa na majani ya maboga mpaka ukawa mweusi, akaanza kazi. Ukisogea karibu, chini ya chaki yake uliweza kusoma bado: sukari, sabuni ya mche, chumvi. Wazazi waliompa kitu walimpa maharage au mahindi.

Pembeni mwa mlango alipigilia misumari, na kila mwanafunzi alikuwa na kizibo cha soda chenye tundu. Ukiingia unatundika kizibo chako, ukitoka unakichukua. Ndivyo walivyofanya mgodini, alisema, ili ijulikane nani bado yuko chini. Hakufunga mlango mpaka misumari yote iwe mitupu. Siku moja kizibo cha Masanja kilibaki. Masanja alikuwa mtoto wa Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao bondeni kwetu, na alikuwa amechomoka kimya kimya kwenda kurudisha ndama. Sisi tulikwenda nyumbani tukala. Mwalimu alizunguka Pito nzima, akapita kwenye mashamba, akatazama kisimani, mpaka akamkuta Masanja amekaa juu ya tuta anatafuna muwa.

"Uko hai?" Mwalimu akamuuliza.

"Niko hai, Mwalimu."

"Basi kachukue kizibo chako. Kwangu wewe bado uko chini ya ardhi."

Masanja alirudi kukichukua na muwa wake mkononi. Tulimwita marehemu wiki nzima.

Sasa Kiingereza chenyewe. Kule sekondari walitufundisha nyakati za vitenzi, barua za kuomba kazi na insha juu ya umuhimu wa maji. Mwalimu alitufundisha hatari, basi. *Fire. Smoke. Bleeding. Stand back. Do not move him. Is he breathing?* Tulijifunza kuita gari la wagonjwa wakati gari lililopita Pito mara kwa mara ni lori la mahindi. Tulijifunza kumuuliza mtu wapi panauma, tukaulizana darasa zima, mmoja amelala juu ya kaunta anagugumia, wengine wamemzunguka na machela ya magunia na mipini ya majembe. Wagonjwa wetu walikufa sana. Mwalimu alisimama juu ya maiti akasema kwa utulivu, "Huyu amekufa kwa sababu ninyi mmesema *please* kwanza. Mnapoteza muda. Adabu mtamwonyesha akipona."

Baba hakuelewa. Jioni moja aliniita.

"Leo mmesoma nini?"

"*Stretcher*, baba."

"Ndiyo nini?"

"Machela."

"Na juzi?"

"Kufunga jeraha."

Baba akamgeukia mama. "Huyu anaandaliwa mtihani au anaandaliwa vita?"

Wazazi wengine walisema hivyo hivyo, na wengine waliwatoa watoto wao wakawapeleka mjini kwenye tuisheni ya mitihani iliyopita. Mimi nilibaki kwa sababu ilikuwa karibu na nyumbani, na kusema ukweli, kwa sababu kwa Mwalimu hakuna aliyetakiwa kusimama na kujieleza yeye ni nani. Ulitakiwa tu kusema nyumba inaungua. Hilo nililiweza, ilimradi niliseme polepole.

Kwa nini Kiingereza, alitueleza mara moja tu, siku ya mvua, akiwa anachonga chaki kwa kisu. Mgodini walikuwa watu wa lugha nyingi, na ile iliyomfikia kila mtu ilikuwa Kiingereza cha kuamrisha. Kijana mmoja wa kutoka huku kwetu, mgeni, aliona vumbi linadondoka kutoka juu. Akapiga kelele kwa Kifipa. Alipiga kelele vizuri kabisa.

"Wenzake wakamtazama," Mwalimu akasema. "Wakamtazama yeye. Hawakutazama juu."

Akaendelea kuchonga chaki. Hakuna aliyeuliza ikawaje. Baada ya siku hiyo niliandika maneno yake yote kwa kalamu ya wino badala ya penseli.

Lakini mtu huyu wa hatari hakuwahi kuwa na haraka. Alikula polepole kiasi kwamba wajukuu zake walimaliza mboga akiwa bado ananawa. Akitembea kwenda mjini, wanawake wenye mizigo ya kuni walimpita na kumwamkia, akawaitikia wakiwa wameshafika mbali. Na hakuogopa radi. Mtu wa Ufipa asiyeogopa radi ni wa kutazamwa mara mbili. Mvua za kuanzia Novemba zinapiga huku kama mbingu inapasuliwa kwa shoka. Sisi sote tulikuwa chini ya kaunta, wengine wanalia, na yeye anaendelea kuandika ubaoni, hata herufi haikutetemeka. Akageuka akakuta darasa tupu.

"Mmekwenda wapi?"

"Radi, Mwalimu!" tulijibu kutoka chini.

"Aa," akasema, na kuchungulia dirishani kana kwamba tumemwambia mgeni amefika. Tulimwona shujaa. Mtaani tulisimulia kwamba Mwalimu amechanjwa dawa ya radi.

Tena, Kiingereza chake kilijua kila namna ya kuumia lakini hakikujua kufurahi. Hilo nililigundua kwenye harusi ya binti yake wa mwisho. Rafiki yake wa zamani wa mgodini, mzee mnene mwenye kofia ya manyoya, alikuja kutoka Zambia na mke wake, na watu wakasema lazima baba wa bibi harusi awakaribishe wageni kwa Kiingereza chao. Mwalimu alisimama. Akagonga nguzo ya turubai. Akasema kwa sauti kubwa:

"*Ladies and gentlemen, remain calm.*"

Yaani tutulie. Tukatulia. Akaendelea, na mimi niliyekuwa nabeba sahani nilielewa kila neno: hakuna aliyepotea, watu wote wamepatikana, twende kwenye chakula mmoja mmoja, bila kusukumana, wanawake na watoto kwanza. Wageni wa mjini walipiga makofi wakidhani ndivyo inavyosemwa. Yule mzee wa Zambia peke yake alisimama, machozi ya kicheko yakimtoka, akanyoosha mkono na kuitikia, "*All clear!*" Hakuna hatari tena. Wazee wawili wakakumbatiana katikati ya turubai, na ngoma ikaanza.

Kesho yake nilikwenda kurudisha masufuria. Alikuwa amekaa barazani. "Binti," akaniambia, "Kiingereza changu hakijawahi kualikwa harusini. Jana ndiyo mara ya kwanza. Kimeogopa."

Sasa ule mkono.

Nyuma ya duka kulikuwa na shamba lililopumzishwa lenye matuta ya zamani, yale matuta ya mviringo ya kufukia majani, yameshikana kama migongo ya kondoo mpaka kwenye mstari wa mikaratusi. Mwalimu alikwenda kusimama kule kwenye mikaratusi, akatupa kisogo. Mwanafunzi alisimama huku mwisho, kwenye ukuta wa duka, na kuita hatari yoyote kwa Kiingereza. Mwalimu akisikia, ananyanyua mkono bila kugeuka. Aliyenyanyuliwa mkono aliruhusiwa kukaa juu ya kaunta na kwenye rafu, kama sukari na chumvi za zamani. Ambaye bado, alikaa sakafuni juu ya gunia.

Mimi nilikaa juu ya gunia kidato cha kwanza, nikakaa kidato cha pili, nikakaa cha tatu. Watoto waliokuja baada yangu walipita juu ya magoti yangu kwenda kupanda kaunta.

Si kwamba sikujua maneno. Niliyajua kuliko wote, hata tahajia. Lakini nikisimama pale ukutani na darasa limejipanga pembeni linanitazama, sauti ilishuka, ikashuka, ikakaa mahali fulani karibu na kitovu. Mama huwa anasema mimi naongea kama mtu anayeficha sukari. Na upepo wa kwetu, hasa Juni na Julai, unayachukua maneno madogo unayapeleka mbali mpaka Kasense.

Siku moja nilijikaza. Nikafumba macho nikaita, "*Snake!*" Kulikuwa na mbuzi wa Masanja wanakula kando ya mikaratusi. Wote wakanyanyua vichwa.

"Mwalimu!" darasa likalipuka. "Mbuzi wamesikia! Mbuzi wamesikia!"

Mwalimu alikuja taratibu mpaka pale tulipo. "Wanasemaje?"

"Amesikika, Mwalimu! Mpaka mbuzi wamegeuka!"

"Mimi sijasikia," akasema. "Na mbuzi hawasahihishi mtihani."

Niliandika usiku ule kwenye daftari langu kwamba namchukia. Asubuhi nikakata mstari, kwa sababu haikuwa kweli.

Jambo hilo lilizidi kuwa gumu baada ya siku ya moto. Masanja hakuwepo siku hiyo, alikuwa amepeleka ng'ombe kunywa. Mwalimu akasema leo tuite wote pamoja, tuone darasa zima lina sauti gani. Tukaita. "*Fire! Help! Fire!*" Kwenye kundi hata mimi niliweza. Ilikuwa raha, tulikuwa kama kwaya. Mwalimu kule mbali akanyanyua mkono, akapaza sauti bila kugeuka, "Tena! Kwa nguvu!" Kutoka bondeni tukasikia filimbi, halafu filimbi nyingine ikaijibu. Tukadhani ni wachungaji na mifugo yao. Tukaita tena.

Ndipo watu walipotokea. Walikuja juu ya matuta wakikimbia, wanaume na fimbo na mashoka, wanawake na ndoo za maji kichwani, na wallahi hata tone halikumwagika. Mbele yao Baba Masanja, amenyolewa upande mmoja wa kichwa, upande wa pili una nywele zake zote. Sisi tukanyamaza. Mwalimu bado ametupa kisogo, mkono juu. "Mbona mmechoka?" akapaza sauti. "Tena! Mtu anaungua!"

"Mzee!" Baba Masanja akaita. Mwalimu hakugeuka. "Wewe mzee!" Hakugeuka. Ikabidi amfuate amguse bega, na Mwalimu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Moto uko wapi?" Baba Masanja akauliza, anahema.

"Moto gani?"

"Mliopigia yowe."

"Ah," Mwalimu akasema. "Huo ni wa Kiingereza."

"Wa Kiingereza hauunguzi?"

"Hawa wanajifunza tu."

"Wanajifunza kuita watu, halafu watu wakija mnawakodolea macho?"

"Mimi nimeacha mtoto kwenye beseni," mama mmoja akasema, anatua ndoo. "Ana sabuni kichwani." Tukacheka, akatugeukia. "Chekeni! Siku mkiungua kweli tutakuja tunatembea."

Hapo hatukucheka tena. Masanja alishatueleza: kwao yowe ni jambo zito. Ukilisikia unaacha ulichoshika, hata kama ni sahani ya chakula. Asiyekwenda anaitwa na wazee. Na anayelipiga bure anawalisha wote waliokuja. Mwalimu alikuwa na kondoo dume mmoja, anampenda, anamfuga kwa pumba. Nilidhani atabisha, atasema mimi ni mwalimu, hii ni elimu. Alivua kofia.

"Mna haki," akasema. "Nimewaita, mmekuja."

Kondoo alichinjwa kabla jua halijashuka. Mke wa Mwalimu alisonga ugali wa ulezi, sisi wanafunzi tukawa tunanawisha wageni mikono. Wakati wa kula Baba Masanja alikuwa ameshapoa, kichwa chake bado nusu kwa nusu.

"Lakini Mwalimu," akasema, "hata hilo yowe lenu lina kasoro. Faya, faya. Faya wapi? Tumekimbia tunanusa moshi kila nyumba. Sisi mtu akiita, anataja: ng'ombe wamechukuliwa, bonde fulani, wameelekea Milepa."

Mwalimu, aliyekuwa anamtazama mdomo, aliacha kutafuna. Akaweka mfupa chini. "Hata sisi tulitaja," akasema. "Mgodini tulitaja namba ya njia kwanza. Nimesahauje?" Kesho yake ubaoni kulikuwa na sheria mpya: sema jambo, sema mahali, halafu lia ukitaka. Kuanzia hapo tuliita moto kwa fundi seremala, mtoto kisimani nyuma ya kanisa, ng'ombe kwenye mahindi ya mwenyekiti.

Wakakubaliana pia kwamba siku ya mazoezi Masanja awaambie nyumbani kwao asubuhi: leo ni Kiingereza. Matokeo yake ikawa wakipata nafasi wanakuja kutazama. Wanakaa juu ya matuta na fimbo zao, wanahukumu. Masanja alipigiwa makofi. Zamu yangu ilipofika, Baba Masanja aliinamisha sikio, akamuuliza mwanawe, "Huyu anaita au anasali?"

Aliyeniambia ukweli alikuwa mke wa Mwalimu. Nilikuwa namsaidia kuchambua maharage barazani, jirani na jirani, naye akaona nimenuna.

"Mjukuu wangu, una nini?"

Nikamwambia. Kwa mtu mmoja naweza kusema. Akacheka mpaka ungo ukatikisika.

"Yule hasikii, mwanangu! Sikio la kushoto lilikufa kwa baruti hukohuko mgodini. La kulia linachungulia tu."

Nilibaki na maharage mkononi. Nikaona vitu vinajipanga vyenyewe: radi, wanawake wa kuni, "Mbona mmechoka?" Na jinsi alivyotukazia macho kila tuliposema neno, "Nitazame unaposema!", sisi tukadhani ni ukali.

"Lakini wengine anawasikia," nikasema.

"Masanja? Huyo hata marehemu mama yangu anamsikia."

"Kwa nini hasemi?"

Akapepeta kidogo. "Nani atampeleka mtoto wake kwa mwalimu kiziwi? Wengine wameshaondoka na sababu hawana. Akiwapa sababu?" Kisha akanitazama. "Na wewe hutasema."

Sikuwa mtu wa kusema. Lakini nilikwenda nyumbani nimechanganyikiwa, furaha na hasira kwa pamoja. Kumbe kasoro haikuwa yangu peke yangu. Halafu nikafikiri: hata hivyo wenzangu wanafika kwenye sikio lile linalochungulia, mimi sifiki. Na bado niliutaka ule mkono. Niliutaka kuliko kabla.

Nilijaribu tena, mara hii nimesimama upande wake wa kulia. Niliita mtoto amedondoka kisimani, nyuma ya kanisa, yote kwa ukamilifu. Hakunyanyua. Wenzangu walipoondoka aliniita.

"Unaogopa nini?"

"Watu, Mwalimu."

Alinitazama mdomo, kisha macho. "Watu ndio unaowaita," akasema.

Alisema kwa upole, kama mtu anayekukumbusha kwamba kikombe unachokitafuta umekishika. Nilichukua kizibo changu nikaenda.

Haikupita muda mrefu duka likapata mwenyewe. Mfanyabiashara wa mjini, wa familia moja ya Kiislamu yenye malori, alilinunua kuuzia vitu vya jumla, na alikuwa mstaarabu, alimpa Mwalimu muda wa kutosha kuhamisha ubao. Mimi nilisikitika kuliko Mwalimu. Yeye alisema duka ni la kuuzia sukari, limerudi kazini. Alihamia barazani kwake na wanafunzi wachache, halafu macho yakaanza kumsumbua pia, akaacha. Shamba la nyuma likalimwa. Nikamaliza kidato cha nne na nikachaguliwa kwenda kidato cha tano Mbeya. Kiingereza nilifaulu vizuri, na baba alikubali mbele ya watu kwamba machela haikuharibu kitu. Lakini mkono sikuupata. Nilikwenda kumuaga Mwalimu, nikamkuta amekwenda mjini, nikamwachia salamu kwa mkewe. Nikajiambia basi, si kila kitu mtu anapata.

Siku ya safari nilikaa dirishani kwenye basi la Mbeya. Stendi ilikuwa imejaa: wapiga debe, wauza mayai, magunia ya maharage yanapandishwa juu, injini inanguruma. Kondakta alishapiga bati mara ya kwanza. Ndipo nikamwona Mwalimu, ng'ambo ya stendi karibu na vibanda vya mitumba, amesimama na fimbo yake akinipa kisogo, anatazama koti la sufu lililotundikwa. Aligonga nguzo ya kibanda kabla hajasogea chini yake.

Kushuka nisingeweza, njia ilikuwa imejaa watu na vifurushi. Ningeweza kumtuma mtu akamguse bega. Ningeweza pia kumwangalia tu mpaka basi liondoke, na hivyo ndivyo mimi ninavyofanya siku zote. Basi likaanza kusogea.

Nikatoa kichwa nje.

"Mwalimu!" Halafu tena, na sijui sauti hiyo ilitoka kwa nani, "MWALIMU! SHIKAMOO! NIKO HAPA, KWENYE BASI LA MBEYA, NAONDOKA!"

Stendi ilinyamaza. Naapa ilinyamaza, mpaka dereva akakanyaga breki akidhani amemkanyaga mtu. Muuza mayai alinitazama na ndoo yake imeinama. Wapiga debe wote wakageuka. Na Mwalimu akageuka, taratibu, kama alivyofanya kila kitu, akanitafuta kwa macho yake mabovu dirisha baada ya dirisha. Akanyanyua mkono.

Alivuka stendi akaja chini ya dirisha langu. "Marahaba, binti!" Kisha akawaambia wapiga debe, kwa ile sauti kubwa ya watu wasiosikia sauti yao wenyewe, "Mniwie radhi, mwanafunzi wangu huyu. Ana akili sana. Tatizo lake hana sauti."

"Hana sauti?" mmoja wao akashika kifua. "Mzee, sisi tunashinda hapa tunapiga kelele kutwa, huyu katumaliza kwa mara moja! Dada, shuka uje tukupe kazi!"

Watu wakacheka, mimi uso unaniwaka, lakini sikurudisha kichwa ndani. Nilikuwa na swali, na basi linataka kuondoka. Nikalisema nikimtazama, taratibu, aone mdomo vizuri.

"Mwalimu, umenisikia? Au umewaona watu wakigeuka?"

Akafikiri. Hakuwa na haraka hata hapo, kondakta anapiga bati kama kichaa.

"Nimesikia," akasema. "Nilidhani honi."

Basi likaondoka. Koo liliniwasha mpaka Laela. Jirani yangu alinipa maji, nikamshukuru, nikayashika bila kunywa. Nilitaka liendelee kuwasha.